Uji Ulionilaza

Usiku wa kwanza niliolala bila kushtuka tangu niache pombe, niliamka nikiwa na wasiwasi badala ya shukrani. Jua lilikuwa limeshavuka migomba na kufika dirishani. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa. Nililamba midomo, nikanusa viganja vyangu, nikainama kutazama kama viatu vina tope. Havikuwa na tope. Sikuwa nimetoka kwenda popote.

Nilikuwa na siku thelathini na nane bila tone. Chumba changu cha mjini, Kimandolu, nilikuwa nimekirudisha kwa mwenye nyumba, kwa sababu kila njia ya kutoka pale ilipita mbele ya baa, nikapanda kwa mama mkubwa, dada yake mama, anayelima kahawa na ndizi kwenye mteremko wa Mlima Meru. Alinipokea kwa sharti moja: nikinywa, hata mara moja, nirudi mjini siku hiyohiyo. Nililikubali upesi. Lilikuwa sharti langu pia.

Daktari alikuwa amenionya kwamba usingizi utarudi kwa kusuasua. Kwa wiki tano nililala vipande vipande: nusu saa, kisha moyo unadunda kama nimeitwa jina, shuka limelowa jasho kwenye baridi ile. Nilikuwa nalala macho nikisikiliza upepo ukipasua majani ya migomba taratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayechana barua za zamani.

Mama mkubwa hakuuamini kukesha kwangu. Kwake, msichana aliye macho saa nane za usiku anasubiri wengine walale. Nikienda chooni, taa ya sebuleni inawaka. Asubuhi nikimwamkia, anaitikia marahaba huku amesogeza uso karibu kiasi cha kuhesabu kope zangu. Alikuwa ananinusa. Sikumlaumu. Niliwahi kumwambia mlangoni kwake, siku zile za pombe, nikiwa nimeshikilia fremu nisianguke, kwamba ile ni harufu ya dawa ya kikohozi.

Kisha akaanza kunipikia uji wa ulezi kila jioni. Jioni ya nne ndipo nikalala usingizi ule wa mpaka jua kali. Jioni ya tano nikalala tena. Uji ulikuwa na uchachu kidogo. Nikajiambia ni unga uliolowekwa, ndivyo wengi tunavyoupenda huku. Lakini joto lake halikuishia tumboni. Lilipanda mpaka nyuma ya masikio, mahali ninapopafahamu vizuri.

Jioni ya sita niliomba nipike mimi. Akasema nipumzike. Nikamwambia basi tunywe wote, akasema siku hizi ulezi unamjaza gesi, mwanamke ambaye nimemwona na bakuli la uji tangu nikiwa mtoto. Nilikunywa nusu, nikasema nimeshiba. Usiku huo nilikesha.

Kesho yake sikungoja kuitwa. Niliingia jikoni nikamkuta ameshaipua sufuria. Mkono mmoja una mwiko, mwingine umeshika kidumu cha njano kilichokuwa nyuma ya gunia la maharage.

"Mama mkubwa, hiyo ni nini?"

"Mbege," alisema, wala hakuificha.

"Umekuwa ukiniwekea?"

"Kata moja. Siku ukiamka umekonda uso, moja na nusu."

Nilimwambia mbege ni pombe. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Yeye ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuzaliwa. Bia haijawahi kuvuka kizingiti chake. Lakini ndizi za shamba lake na ulezi wake mwenyewe, hivyo ni chakula. Alipewa alipojifungua, na ndiye aliyempelekea mama yangu nilipozaliwa mimi.

"Pombe ni ile ya chupa," alisema. "Ile iliyokufukuzisha kazi. Hii imemlewesha nani humu ndani?"

"Mimi."

Alikaa kwenye kigoda. Nikamweleza kwamba siku zangu zimefutika, kesho naanza na moja. Aliuliza kama nina maana yeye ndiye aliyeninywesha, na nikasema ndiyo.

"Juzi ulikoroma," alisema. "Nilisimama mlangoni kwako nikamshukuru Mungu."

Mimi nilikuwa natazama kidumu, na nilikuwa nimeshakadiria kilichobaki ndani. Hata hasira yangu sikuiamini. Lile joto nililitambua jioni ya tano, na jioni ya sita bado nikanywa nusu bakuli. Sauti fulani ndani yangu ilikuwa tayari upande wake: mzee amesema ni chakula, wewe nani umbishie?

Nilimuuliza kama nifungashe. Akasema nikifungasha na yeye afungashe, maana sharti tumelivunja wawili. Akafunika kidumu kwa kanga, akakipeleka kwa jirani kabla giza halijaingia. Aliporudi alifunga jikoni kwa kufuli na kuondoka na ufunguo, akinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nilijua hajaniamini. Nilishukuru kwamba hajaniamini.

Usiku ule mwili ulidai haki yake. Niliikalia mikono yangu. Niliwaza njia ya kwenda kwa jirani, hatua kwa hatua, mpaka mahali ambapo mbwa wake hufungwa. Nikavua soksi, nikaweka miguu kwenye sakafu ya saruji ili baridi iniambie nipo wapi. Jogoo waliwika mimi nikiwa nimekaa hivyohivyo.

Mama mkubwa alisukuma mlango bila kubisha.

"Umelala?"

"Sikulala kabisa."

"Vizuri," alisema, kisha akasimama palepale, kama mtu ambaye hakutarajia neno hilo limtoke.