Mtambo Chini ya Dirisha la Mama

Jirani yetu pale Tarime mjini alikuwa na jenereta kubwa ya dizeli, na alikataa kabisa tuiite jenereta. Ni "mtambo". Umeme ukikatika, aliiwasha, akatuuzia taa nyumba zote za ua wetu, kisha akasimama mlangoni kama waziri wa nishati. Bomba la moshi lilielekea dirisha la mama yangu, mwenye pumu.

Mama alifunga dirisha na kuziba nyufa kwa khanga, na bado asubuhi makohozi yake yalitoka meusi. Daktari alituambia wazi kwamba moshi ule utammaliza. Nikaenda kwa jirani.

"Dada, moshi unapanda juu," alinijibu. "Haushuki. Hiyo ni sayansi."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Lakini mimi nimezaliwa Susuni, kijijini kwa Wakurya kama yeye, najua Mkurya anakimbia nini. Si polisi, si afisa wa mazingira. Ni mama mkwe wake. Kwa heshima, hawezi kumsogelea. Akimwona njiani, anaingia kwenye migomba. Na mama mkwe wa jirani alikuja mjini kila siku ya soko kuuza ndizi.

Nilimkaribisha chai. Nikampa kigoda ubavuni mwa mtambo, penye kivuli, na ungo wa maharage achambue. Nilipomweleza shida yangu, alicheka akishika mbavu. Desturi ilimtaka naye ajifiche, ila alikuwa na jibu tayari: "Mimi nimekaa. Yeye ndiye anayekuja."

Umeme ulikatika. Jirani akaja mbio na dumu la dizeli, akakunja kona, akamwona. Dumu lilipogusa chini, mwenyewe alishafika barabarani.

"Mwambieni mama aingie ndani!" alipiga kelele nyuma ya ukuta.

"Mwambieni mkwe wangu nimependa hapa," bibi alijibu. "Nasikia moshi wake haushuki."

Siku hiyo ua mzima ulikosa mpira kwenye televisheni, na lawama zote zikamwangukia yeye. Bibi akawa anakaa palepale kila siku ya soko, na baada ya masoko machache mtambo ukahamishiwa upande wa pili wa ua. Mama akafungua dirisha, nami nikatembea kwa maringo.

Kisha tukaanza kusikia mtoto mchanga akikohoa kwa wapangaji wa upande ule. Nilimwambia mama nitamwita tena yule bibi siku ya soko.

"Soko ni Alhamisi," mama alisema. "Mtoto anakohoa leo."

Akabeba kigoda, akaenda kukaa mbele ya bomba, mtambo ukinguruma. Nilimfuata na dawa yake ya kuvuta, nikilia kwa woga. Jirani alitoka ndani akatukuta.

"Shikamoo, mama. Toka hapo, moshi utakuua!"

"Marahaba, mwanangu," mama alisema, akiitafuta pumzi. "Basi zima."