Anayewapunguzia wenzake mzigo akwama kwenye gauni lake

Saa tatu asubuhi, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka sitini na miwili amesimama mbele ya meza ya mbao, anatazama suruali yake ya jinzi ikilazwa juu ya mizani ya jikoni. Namba zinapanda, zinasita, zinapanda tena. Gramu mia saba na arobaini.

"Mwalimu, hii ni suruali au mlango?" anauliza mwanamke aliye nyuma ya meza.

"Nimeizoea, mama. Haichaniki hii."

"Haichaniki, sawa. Utakayechanika ni wewe. Haiendi popote."

Mwalimu anaikunja suruali yake taratibu na kuirudisha kwenye mfuko wa plastiki. Mkononi anapewa nyingine, nyembamba, ya kijivu, ambayo ukiikunja inaenea kwenye kiganja. Gramu mia mbili na kumi. Anaibonyezabonyeza, anaguna, kisha anacheka mwenyewe.

Mwanamke huyo ana umri wa miaka arobaini na minane, na mtaa mzima unamwita Bi Mizani. Kazi yake ni kuchagua nguo nyepesi kwa ajili ya watu wanaosafiri kwa baiskeli siku nyingi, wenye begi moja tu nyuma ya kiti. Anazitafuta kwenye marobota ya mitumba, anazipunguza, anazishona upya, anaziuza. Duka lake ni chumba kimoja cha hatua nne kwa sita, na humo nguo hazikupangwa kwa rangi wala kwa saizi. Nyepesi zimetundikwa karibu na mlango, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo zinavyozidi uzito.

Kabla ya hapo alikuwa dobi kwa miaka kumi na tisa.

"Nguo naijua ikiwa imelowa," anasema. "Watu wengi wanaijua ikiwa kavu tu, halafu wanajiona wataalamu."

Anapochagua, hana haraka. Anaivuta nguo kwa vidole viwili, anaiinua kwenye mwanga, kisha anaigeuza nje ndani kutafuta mishono. Inayomtia wasiwasi zaidi ni ile inayopita mahali pa kukalia.

"Mshono ukikaa pale, ukifika kilomita ya thelathini utaanza kuendesha umesimama, kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Mimi sitaki lawama hizo."

Mwandishi wa makala haya naye hakusalimika. Aliulizwa shati lake la pamba lina uzito gani, akajibu kwa kujiamini kwamba halizidi gramu mia moja. Alivuliwa, akaazimwa jingine, na la kwake likapimwa: gramu mia mbili na sitini. Likachovywa kwenye ndoo, likakamuliwa, likapimwa tena: mia tano na tisini.

"Lo! Na unatembea nalo hivi hivi, baba!" akasema Bi Mizani, akacheka hadi akakaa chini.

Kupima mara mbili, kavu na mbichi, hakukutoka hewani. Kulitokana na kosa ambalo hadi leo likitajwa anashika shavu. Miaka saba iliyopita, akiwa mgeni katika kazi hii, aliwachagulia fulana za pamba waendesha baiskeli watano wa kikundi cha mtaani. Zilikuwa nyembamba na laini, na kwenye mizani zilisoma vizuri kabisa. Siku ya pili ya safari mvua ikanyesha mchana kutwa. Fulana zikanywa maji, zikagoma kukauka, na mmoja wao, kinyozi, akatetemeka mpaka akashindwa kushika breki. Alirudishwa na lori la mbao.

"Mimi dobi wa miaka yote hiyo, nimesahau kulowesha nguo! Niliona aibu. Nilimfuata kwake na supu, nikamwambia, kaka, nisamehe, nimekuponza."

Kinyozi alisamehe. Sasa ndiye kiongozi wa kikundi, na hakuna anayeondoka bila kupita kwa Bi Mizani. Tangu wakati huo kila nguo inakamuliwa, inaviringishwa ndani ya taulo, inakanyagwa kwa kisigino na kutundikwa kivulini. Isipokauka ndani ya saa mbili, inarudi mitumbani. Kwa wiki anahudumia watu watano hadi wanane, na kwa kazi hiyo, pamoja na useremala wa mumewe, wamesomesha watoto watatu.

Vita yake kubwa, anasema, si jinzi wala masweta. Ni nguo ya kufikia.

"Kila mtu anataka kufika amependeza. Anakwenda kwa shemeji, anakwenda kwa wakwe, basi anabeba suti! Suti, kwenye baiskeli! Namwambia ng'o. Suruali moja isiyojikunja, unaiosha njiani, unafika nayo. Aliyekualika amekualika wewe."

Anayasema hayo asubuhi, bila kupepesa macho. Saa kumi jioni mambo yanamgeuka.

Kesho yake alfajiri kikundi kinaondoka kwa safari ya siku sita, kilomita mia tano na kumi, na kwa mara ya kwanza Bi Mizani naye yumo. Mjini wanakokwenda anaishi dada yake mkubwa, ambaye hawajaonana kwa miaka minne. Dada huyo ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli ya baba yao wakiwa watoto, akimshikilia kiti kwa nyuma. Mwaka jana alilazwa miezi miwili, na mdogo wake hakuweza kwenda kumwona, kwani mumewe naye alikuwa amevunjika mkono.

"Hilo linaniuma," anasema. "Kwa basi ningeweza kwenda siku yoyote sasa. Lakini nataka anione nimefika kwa miguu yangu, ajue yale mafunzo hayakupotea."

Sharti la kikundi ni moja. Kwa kuwa hakuna gari linalofuata nyuma, begi la mtu lisizidi kilo nne, na anayezidisha anabaki. Mabegi yanapimwa jioni ya kuamkia safari, dukani kwa Bi Mizani.

La mwalimu linasoma kilo tatu na nusu. Anapiga makofi. Wengine wanapita mmoja mmoja. Mwisho linapandishwa la mwenye duka, na watu wote wanainamia mizani. Kilo tano na gramu mia mbili na kumi.

Mwalimu anaangua kicheko.

"Mama, umebeba mlango wangu?"

Kinyozi anafungua zipu. Chini kabisa, limekunjwa ndani ya gazeti, kuna gauni la buluu lenye bitana na shanga kifuani. Peke yake lina kilo moja na gramu mia tatu na hamsini.

"Nguo ya kufikia," anasema kinyozi polepole.

"Usinitazame hivyo. Ni dada yangu. Miaka minne! Nifike nimevaa nini, kaptula?"

"Dada, sheria umeitunga wewe. Litoe, au ubaki."

Bi Mizani anakaa kwenye kigoda, gauni mapajani. Machozi yanamlengalenga, na hayafichi. Anatamka kwamba bora abaki kuliko kufika kama mtu aliyefukuzwa kwao. Hakuna anayecheka tena. Ndipo mumewe, aliyekuwa ameegemea mlangoni, anapiga namba ya shemeji yake na kumkabidhi simu. Sauti inasikika chumba kizima.

"Unalia kwa ajili ya gauni? We mtoto! Kwani mimi natembea uchi huku?"

"Dada, nilitaka unione nimependeza."

"Umesahau tulikuwa na gauni moja la kutokea? Asubuhi lako, jioni langu. Njoo na mwili wako tu. Utavaa yangu. Au umenenepa?"

"Nimenenepa wapi! Nimekonda kwa baiskeli."

"Basi njoo. Nikuone."

Anakata simu, anajifuta macho kwa kiganja, na kulitundika gauni mwenyewe kwenye msumari wa mwisho kabisa nyuma ya duka. Begi linapimwa upya. Kilo tatu na gramu mia nane na sitini. Kinyozi anaandika jina lake kwenye daftari la safari, na mwalimu anampa mkono.

Akirudi, anapanga kuanzisha kikundi cha wanawake, kwani sita wameshamwomba. Kwa sasa anafikiria Jumapili, siku ya kufika. Ataegesha baiskeli, ataoga, na kuingia kwenye kabati la dada yake kuchagua gauni.

Mwandishi anamuuliza kama atachagua lililo jepesi.

"Wala sitalipima," anasema.