Hitma ya Jirani Nisiyemjua

Binti yangu aliponiwekea ule mchezo wa shamba kwenye simu, alisema, "Mama, utakuwa unapoteza mawazo." Alikuwa anarudi Maskati kazini, na baba yake tulikuwa tumeshamzika. Nilimkubalia ili aondoke na moyo mweupe. Mie na michezo ya watoto wapi na wapi!

Lakini nyumba hii ya mtaa wa Mabawa ilikuwa kimya mno, nikaufungua. Unapanda, unamwagilia, unavuna. Kule Muheza baba yangu alipanda michungwa akaingoja miaka. Hii ya kwenye simu inazaa kabla chai haijapoa. Nikawa nacheka peke yangu. Chungwa gani hilo lisilonata mikononi?

Shamba lililopakana na langu lilikuwa la mtu mwenye nyumba ya paa jekundu na mbwa mlangoni. Mchezo wenyewe hauna maneno. Mnamwagiliana mimea na kupeana maua, basi. Kila nikimaliza sala ya alfajiri nikifungua simu, nakuta mimea yangu imeshanyweshwa. Nami namwagilia yake, namwachia ua. Sikujua ni mwanamke au mwanamume, wa nchi za mbali au wa Pongwe hapo. Nilichojua ni kwamba kaamka, naye anajua nimeamka. Ile Ramadhani niliyolala na homa, haukukauka mmea wangu hata mmoja, na nilipopata nguvu ya kushika simu nilikuta maua yamejaa mlangoni. Nililia, wallahi.

Kisha asubuhi moja nikakuta mimea yangu mikavu. Kesho yake vilevile. Shambani kwake majani yakaanza kuota, na mchezo hauruhusu kupalilia shamba la mwenzio. Nikampigia binti yangu.

"Ameufuta tu, mama. Atakuwa ameuchoka."

"Mtu aliyenijulia hali muda wote huu, afute bila kuniaga?"

"Mama, ni mchezo!"

Nikamkatia simu. Huku kwetu mtu asipoonekana unakwenda kupiga hodi. Yule ningempigia hodi wapi? Chakula kikawa hakipiti. Majani yalipofika hadi kwenye mlango wa ile nyumba ya paa jekundu, moyo ukaniambia amekufa. Nikafanya ninalolijua: nikapika pilau, nikachoma ubani, nikawaita wanawake wa mtaani tumsomee hitma.

Yasini tukaisoma vizuri. Ilipofika dua, mwalimu wetu wa madrasa, mwanamke ninayempa shikamoo, akaniinamia.

"Marehemu nani, mwanangu? Nipe jina lake na la mamaye."

"Ni jirani yangu."

Mama wa nyumba ya mkabala, ambaye tumetenganishwa naye na uchochoro tu, akashtuka. "Jirani yupi? Mbona sote tupo?"

Ikabidi niwaonyeshe simu. Ikapita mkono kwa mkono: paa, mbwa, majani. Mmoja akaangua kicheko. "Yarabi! Kumbe tunamsomea katuni!" Wengine wakajificha nyuso kwenye mitandio, mabega yakitikisika.

Hasira zikanipanda. "Chekeni! Mie nilipolala na homa Ramadhani, nani kati yenu aliugonga mlango huu? Huyo katuni alikuja kila siku."

Mitandio ikashuka nyusoni. Hakuna aliyejua kwamba niliugua. Mwalimu akasema hitma ya mtu tusiyejua kama kafa haisomwi, ila kumwombea aliye mbali hakuna anayetuzuia. Akainua mikono, akamwombea heri popote alipo, na arudi salama kwa watu wake. Nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Wakala, wakafungasha cha watoto, wakaondoka, nami nikabaki na masufuria.

Asubuhi yake nikasikia hodi. Alikuwa mama wa mkabala.

"Nimekuja kukutazama tu, shoga. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

Tukasimama mlangoni, kisha akaaga. Aliponipa mkono ulikuwa na unga mbichi wa maandazi, ukaninata vidoleni. Sikunawa upesi.

Siku hizi huja kila asubuhi, na nafurahi, sisemi uongo. Lakini akishaondoka nafungua simu, naenda kwenye shamba la paa jekundu. Hakuna mmea uliobaki kule, ni majani matupu. Nayamwagilia hayohayo, maana mchezo ule hauna njia nyingine ya kupiga hodi. Mpaka leo hajaitika.