Sailensa ya Shemeji

Kwanza ilikuja sauti. Ilitoka mbali, upande wa lami, nzito na yenye kukoroma, kama trekta la miwa linalopanda mlima kwa hasira. Kuku walinyanyua shingo. Mbwa wa jirani alibweka mara moja, akanyamaza, kana kwamba amejiona mdogo. Mama, aliyekuwa akichambua kunde mbele ya jikoni, alisimamisha mikono.

"Miwa gani inaletwa Khayega?" aliuliza, maana kwetu hakuna kiwanda na matrekta ya miwa hupita mbali, huko Mumias na Matungu.

Dada yangu peke yake hakushangaa. Alifuta mikono kwenye leso, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akasema kwa sauti ndogo, "Ni yeye."

Likachomoza langoni gari dogo jeupe. Tulilitazama, kisha tukatazama nyuma yake tukitafuta lile kubwa lililokuwa likinguruma. Halikuwapo. Kelele yote ile ilikuwa ya hilo hilo dogo, na ndani yake alikaa kijana mwembamba, muuza mbegu, amevaa tai, anatabasamu kwa woga.

Baba yangu alitengeneza matrekta ya miwa maisha yake yote ya kazi. Alistaafu akiwa na mgongo mbovu na masikio mazima, na tangu hapo alipima wanaume kwa magari yao. Mchumba wa kwanza wa dada yangu alikuja na tairi zilizolika upande wa ndani, na alipoulizwa akasema hajawahi kuziangalia. Wa pili alikuwa ameibandikia karatasi taa nyekundu ya dashibodi ili isimsumbue. "Mtu anayeziba taa ya gari, siku mkewe akilia atafanya nini?" baba aliuliza, na habari ya mchumba huyo ikaishia hapo.

Sasa dada alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Asubuhi ile, tukimenya vitunguu, aliniambia, "Huyu ndiye ninayemtaka. Baba akimfukuza, sitaleta mwingine." Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana niliogopa.

Tulikula sebuleni, obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku. Mama alibaki jikoni, kwa sababu desturi yetu inamtaka mama mkwe na mkwe wake waheshimiane kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia shambani ampishe mwenzake.

"Kijana," baba alianza, "hiyo sauti gari lilizaliwa nayo ama uliinunua?"

"Niliinunua, mzee. Ni sailensa mpya."

Sailensa ni lile kopo la chuma lililo chini ya gari, mwisho wa bomba la moshi. Kazi yake ni kumeza kelele ya injini. Ile ya kijana ilikuwa pana, karibu tupu ndani, inang'aa kama sufuria ya harusi.

"Na inakusaidianga nini?"

"Inaongeza nguvu, mzee. Injini inapumua vizuri. Halafu inapunguza mafuta."

"Ulipima?"

Paja la kuku lilisimama njiani kuelekea mdomoni. "Fundi aliniambia."

"Fundi aliyekuuzia?"

"Huyo huyo."

Dada yangu alifumba macho. Mimi nilianza kuhesabu vyombo, nikijua vitaondolewa mapema. Lakini kijana aliliweka paja chini, akafuta vidole, akasema, "Basi tupime, mzee. Wewe utasema vile tutapima."

Baba aliacha kutafuna. Hakuna mchumba aliyewahi kumjibu hivyo.

Masharti aliyatoa hapo hapo. Tangi lijazwe hadi shingoni pale kituo cha petroli. Twende mpaka Buyangu, tufike kwenye msitu, turudi, tujaze tena hadi shingoni. Lita zitakazoingia ndizo tulizokula. Jumamosi inayofuata, sailensa ya zamani irudishwe na tufanye safari ile ile, saa ile ile, watu wale wale. Mimi niliwekwa kiti cha nyuma na daftari, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kuandikaandika na hatimaye baba alikuwa amenipatia kitu cha maana cha kuandika.

Safari hiyo ya kwanza, ya alasiri ile ile, sitaisahau. Mjini Kakamega watu waligeuka kututazama, na mwendesha bodaboda mmoja akatupigia kelele, "Mko na ndege na hamtaki kupaa!" Kila mara gari letu liliponguruma, shemeji yangu mtarajiwa aling'aa usoni, na mguu wake ukazama kidogo. Msituni nyani walikaa kando ya barabara, wakatusikiliza, wakaondoka. Baba hakutazama nyani wala barabara. Alitazama mguu. Wakati wa kurudi, kwenye mlima ulio kabla ya nyumbani, gari lilipiga kelele ya simba na kupanda kama kobe. Mbele ya mama anayeuza ndizi ilibidi kijana arudi gia ya pili. Niliandika: *gia ya pili, penye ndizi*. Mafuta: lita nne na robo.

Jioni hiyo mama alituambia kwamba yeye hana neno na ile kelele. "Nikimsikia kule lami, nina muda wa kuvaa vizuri na kuingia jikoni. Mkwe wa namna hiyo ana heshima."

Hakuna aliyefikiria maneno hayo Jumamosi iliyofuata. Gari lilikuja na sailensa yake ya zamani, kimya kama paka, na mama alikuwa uani, miguu mitupu, kitambaa kimemtoka kichwani, anakusanya mayai. Alipoinua uso, mkwe alikuwa akifungua lango. Mama hakuwa na shamba la karibu la kuingia. Aliingia bandani kwa kuku.

Baba naye alitoka nyumbani akiwa hajaona kitu, akaja kusimama na mgeni hapo hapo kando ya banda, akaanza kueleza habari ya pampu za mafuta. Baba akianza pampu, hamalizi leo. Dada na mimi tulisimama mlangoni tukibana vicheko kwa viganja. Kipande cha leso ya mama kilikuwa kimening'inia nje ya banda, na ndani kuku walikuwa wakilalamika.

Kijana alikiona. Nilimwona akikiona. Aligeuka mara moja, akaipa leso mgongo, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mzee, naomba uangalie gurudumu la upande ule. Naona halijakaa sawa." Gurudumu lilikuwa sawa kabisa. Lakini baba alimfuata, na mama akatoka na mayai yote salama na unyoya mmoja kwenye nywele. Alipopita karibu na dada yangu alimnong'oneza, "Huyu ameketi na watu, ana adabu," akaingia jikoni.

Safari ya pili ilikuwa tulivu, kiasi kwamba tuliweza kuongea. Penye ndizi gari lilipita kwa gia ya tatu bila kulalamika, na yule mama hakutuinulia hata uso. Mafuta: lita tatu na robo tatu.

Tuliporudi sebuleni, baba aliweka daftari langu mezani. "Soma mwenyewe," alimwambia kijana.

Alisoma. Akasoma tena. "Mzee, kwa ile mpya nguvu ilipungua. Mafuta yakaongezeka. Nilidanganywa na masikio yangu." Kisha akaongeza, na nikaona dada akishika meza, "Lakini siwezi kukuficha. Ile sauti bado naipenda."

Baba akacheka, kicheko cha kutoka tumboni ambacho hakuwa amewapa wale wawili wa kwanza.

"Kwa injini ndogo, bomba likiwa pana moshi unalegea, hauvuti ule unaoufuata nyuma. Ndiyo maana mlima ulikushinda. Lakini mafuta hayakunywewa na sailensa peke yake. Yalinywewa na mguu. Ulikuwa unasikia raha, unakanyaga. Hata mimi nilikanyaganga hivyo, nikiwa na trekta langu la kwanza." Alifunga daftari. "Mwambie babako aje na wazee. Mwezi ujao, baada ya kuvuna mahindi."

Jikoni kulitoka kigelegele, kikakatwa katikati, mama alipokumbuka kwamba hakupaswa kuwa anasikiliza. Kijana alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimuaga baba kwa mikono miwili. Aliuinamia ukuta wa jikoni, akauambia asante kwa chakula, ukuta ukamjibu karibu tena.

Dada yangu akasema anamsindikiza hadi langoni. Niliinuka niende nao. Alinitazama mara moja tu, akatoka, akaufunga mlango.