Shule Tuliyoichagua Mimi na Baba

Shule ile ya Mkuyuni ilinukia chokaa mbichi. Siku baba aliponipeleka kuiona, mafundi walikuwa bado wanapaka kuta, na upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa walioanikwa huko chini. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne Misungwi. Baba alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha samaki mjini, na alisema kabla ya kutafuta nyumba lazima tutafute shule, kwa sababu mtoto husoma shule ya mtaa anaoishi. Akanichukua mimi peke yangu, akamwacha mdogo wangu Masanja na mama. Tulizunguka tangu asubuhi. Tuliona shule ambayo watoto walikaa chini sakafuni, tukaona nyingine isiyo na uzio, kando ya barabara ya malori. Tulipofika hii ya Mkuyuni nilichungulia dirishani, nikaona madawati mapya na kabati la vitabu, nikashindwa kubanduka. Baba akanishika bega. "Minza, unaionaje hii?" Nikamwambia naitaka. "Basi ndiyo hiyo," akasema. "Nyumba tutapanga huku huku." Njiani alininunulia soda, tukaongea kama watu wazima wawili waliokubaliana jambo. Sikuwahi kujiona mtu muhimu kama siku ile.

Tulihamia Januari. Nyumba ilikuwa kweli Mkuyuni, vyumba viwili vilivyojengwa juu ya mawe, na ukisimama mlangoni unasikia kengele ya shule. Sare yangu niliipiga pasi mwenyewe. Asubuhi ya kufungua shule baba alimpeleka Masanja kwanza kwenye shule ile, akarudi, akachukua mfuko wa nguo zangu. Alisema darasa la tano limejaa, kwa hiyo nitasoma Mabatini, mtaa mwingine wa mjini, nikae kwa shangazi, dada yake, mpaka nafasi ipatikane. Nilimtazama mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

Shangazi alikuwa na mtoto mchanga na genge la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba. Hakunipiga wala kuninyima chakula. Nikitoka shule tu, sare ikiwa bado mwilini, alinifunga mtoto mgongoni, nami nikasimama gengeni nikihudumia wateja hadi giza linaingia. Daftari nilifungua nikiwa nasinzia. Darasani tulibanana hata kiwiko hakina pa kukaa, lakini nilivumilia kwa sababu nilikuwa mpitaji. Kila Jumapili baba alikuja akitoka kanisani. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu. Bado. Wakinipa nafasi nitakuja kukuchukua." Nami nilimwamini, nikakataa hata kutafuta rafiki pale Mabatini, kwa kuwa ningeondoka.

Alasiri moja mteja alimwuliza shangazi amenipata wapi, binti mchapakazi hivi. Nilikuwa nimeinama nikipanga vitunguu, mtoto amelala mgongoni. "Wa kaka yangu," shangazi akajibu, tena kwa fahari. "Aliponiambia amepata kazi huku, nikamwomba kabisa kabla hajaenda kutafuta nyumba, kwamba huyo msichana aje kwangu anisaidie mtoto. Akakubali siku hiyo hiyo." Niliendelea kupanga vitunguu. Kwa hiyo tulipokuwa tunazunguka, tulipochungulia yale madirisha, aliponishika bega, tayari alikuwa ameshanitoa.

Jumapili nilimsubiri nje. "Baba, darasa la tano lilijaa kweli?" Alitazama ndani kwa shangazi, akashusha sauti. "Shangazi yako ni damu yangu, Minza. Ningemkatalia vipi?" Nikamwuliza kwa nini basi alinipeleka kuchagua. Akainama, akafuta vumbi viatuni. "Nilitaka ufurahi," akasema. Nilimaliza darasa la saba Mabatini. Nafasi sikuiulizia tena, na baba naye aliacha kuitaja, kama vile haikuwahi kuwepo.

Mwaka huu nimehamishwa kikazi kutoka mji huu wanaoishi wazazi wangu kwenda Geita, na mimi na mume wangu tumezunguka shule za huko kabla ya kupanga nyumba. Juzi baba alipiga simu, kwa sauti yake ya upole. "Huyo mkubwa mwacheni kwetu. Shule ni nzuri, na magoti ya mama yako yanamsumbua, atamsaidia." Nikamjibu kwamba tunahama wote. Binti yangu alikuwa karibu, akauliza babu anasemaje. Ningeweza kumwambia kwamba babu anasalimia. Nikamwambia babu anataka abaki, anataka mtu wa kumsaidia bibi, na mimi nimekataa. Akasema yeye angependa kubaki, marafiki zake wote wako hapa. Sikuwa nimelitegemea jibu hilo. Nilikaa naye kitandani, nikamweleza sababu zangu zote, hata zile zinazonihusu mimi kuliko yeye, kisha nikamwambia bado jibu ni hapana. Alilia mchana kutwa, lakini alilia akijua kwa nini.