Mijusi Waliochinjwa kwa Peni

Shangazi yangu simpendi. Nalisema mapema ili mtu asisome akingoja tupatane mwishoni. Ni dada wa baba, tumbo moja, na tangu baba afariki tunaishi wawili tu katika nyumba ya ukoo hapa Ujiji. Kila asubuhi namwamkia, "Shikamoo shangazi," naye anaitikia, "Marahaba," kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Adabu tunayo. Kilichobaki hatuna.

Mama yangu alitoka Simbo, binti wa wakulima wa mihogo. Siku alipoletwa Ujiji akiwa bibi harusi, shangazi alimtazama miguu kabla ya uso, kisha akasema mbele za watu, "Kaka yangu katuletea jembe." Neno hilo halikutoka tena humu ndani. Mama akipika, chakula kinanuka shamba. Akisema, Kiswahili chake kimejaa Kiha. Akinyamaza, ana kiburi. Baba alikuwa mtu mwema kwa kila mtu, ila mbele ya dada yake aligeuka uji.

Mama alikuwa akifanya usafi katika nyumba moja ya wageni mjini Kigoma, wanakofikia wazungu wanaokwenda kutazama sokwe. Mgeni mmoja mzee alipoondoka alimwachia bahasha iliyojaa stempu za posta. Zilikuwa za Tanzania, jina la nchi limeandikwa wazi, na karibu kila moja ilikuwa na dinosaria. Alizinunua kwao Ulaya. Hilo nalo hunipandisha hasira hadi leo. Stempu za nchi yangu sikuwahi kuziona posta ya Kigoma hata mara moja. Mpaka zivuke bahari mbili mkononi mwa mzungu ndipo zinifikie. Zilichapwa kwa ajili ya watu wa mbali wanaokusanya stempu, na wengi wa wanyama wale hawakuwahi kukanyaga udongo wetu. Yule mmoja aliye wetu kweli, mwenye shingo kama mnazi, mifupa yake ilichimbwa Lindi, Wajerumani wakaibeba, na mpaka leo imesimama kwao. Mifupa yake wanayo wao, na hata picha yake ilibidi watuletee.

Mama hayo hakuyajali. Alinunua albamu ya picha, ile yenye mifuko ya nailoni, akapanga stempu zake humo, na alasiri akitoka kazini tulikaa kitandani kwake tukiwatazama. Kusoma kulimpa taabu, kwa hiyo majina aliwapa mwenyewe. Mwenye mabamba mgongoni aliitwa Bati. Mwenye pembe tatu aliitwa Fahali. Na yule mkali kuliko wote, mwenye mdomo mkubwa na vijikono vifupi visivyofika popote, mama aliinamisha kichwa akaninong'oneza, "Huyu ni Wifi. Tazama mdomo, halafu tazama mikono. Mikono kama hiyo itafagia saa ngapi?" Tulicheka tukiziba midomo kwa khanga. Katika nyumba hii sikumbuki mama akicheka kwa jambo jingine.

Alikufa nikiwa darasa la saba. Arobaini haijafika, shangazi alikuwa ameshagawa khanga zake, vyungu vyake na jembe lake. Ikabaki picha yake ukutani, ile aliyopigwa studio amevaa shanga shingoni. Shangazi aliishusha. Alisema malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha za viumbe. Baba, ambaye sala ya alfajiri haikuwahi kumpita, alikuwa ameitundika mwenyewe, lakini alitazama mkeka tu. Wala sina ugomvi na dini yangu. Nina ugomvi na mtu anayewasingizia malaika kwa sababu ya marehemu mmoja, halafu jioni nzima anakodolea macho runinga, watu wanapita humo na vichwa vyao vyote, wanalia, wanaachana, wanapigana vibao, na malaika hawana neno.

Nilitoa picha ile kwenye fremu nikaichomeka ukurasa wa mwisho wa albamu, nyuma ya dinosaria wote. Albamu nikaifungia kwenye sanduku langu la bati. Hicho ndicho kilichobaki cha mama yangu duniani, stempu zake na sura yake. Picha nyingine ya mama haipo popote.

Mwaka jana, Ramadhani ikikaribia, nilikwenda Ilagala kununua dagaa. Ndiyo biashara yangu. Niliporudi nilikuta nyumba inang'aa, mikeka imeoshwa, mapazia yamebadilishwa, na harufu ya udi imejaa hadi uani. Chumbani kwangu sanduku lilikuwa wazi. Kufuli lake bovu, mtu akilivuta linafunguka, na mimi ndiye mpumbavu niliyeliacha hivyo. Albamu ilikuwa juu ya shuka iliyokunjwa vizuri.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Bati alikuwa amepigwa mstari wa peni ya bluu, kukata shingo, upande hadi upande. Fahali naye hivyo hivyo. Nikajua mara moja. Tangu madrasa tulifundishwa kwamba picha ya kiumbe ukiitenga kichwa na mwili, inakuwa si kiumbe tena, ni kama mti. Wapo wanaopitisha mstari hivyo kwenye vitabu vya shule vya watoto wao. Shangazi alikuwa ametoa stempu moja moja kwenye nailoni, akachinja, akarudisha kila moja mahali pake. Utulivu wake ndio ulionitia wazimu. Angezichoma ningemwelewa.

Yule wa Lindi, mwenye shingo ndefu, ilionekana alimpa shida. Alianza mstari chini karibu na kifua, akaghairi, akakata tena juu chini ya taya. Wifi alikatwa kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Hapo nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Amejichinja na hajui.

Kurasa zikaendelea, karibu zote shingo za bluu. Ilipobaki ya mwisho, mkono ulikataa. Nilifunga albamu nikaapa. Kama amepitisha peni kwenye shingo ya mama yangu, leo halali humu. Na uzee wake, na miguu yake iliyovimba, na Ramadhani mlangoni, atatoka. Atakwenda kwa binamu zake Kasingirima, na wakimkataa atajua mwenyewe.

Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikabwaga albamu mbele yake, mchele ukaruka.

"Shangazi, hii nini?"

"Wanyama wako." Hakuinua macho. "Nimewakata shingo. Sasa wanaweza kukaa."

"Nani kakutuma ufungue sanduku langu?"

"Mwezi mtukufu haukaribishwi na mijusi. Niwachome? Ungelia. Nimekuachia."

"Umeniachia nini? Umeviharibu vitu vya mama!"

"Shingo tu."

Nilifungua katikati, nikasukuma ukurasa chini ya pua yake. Palikuwa na samaki mmoja wa kale, mnene, mwenye mapezi kama miguu. Alikuwa mzima, hana alama. "Na huyu? Huyu si kiumbe? Au peni iliisha wino?"

Alinitazama kama anamtazama mjinga. "Samaki hachinjwi," akasema.

Kweli, samaki hachinjwi. Mimi nauza dagaa, nisijue? Nilizidi kukasirika kwa sababu alikuwa na haki.

Akalamba kidole akafunua kurasa mwenyewe, taratibu, hadi kwa yule mwenye vijikono. Akamgonga kwa ukucha. "Na huyu ndiye mimi, ama siyo?"

Niliinama nikaanza kuokota punje za mchele.

"Kuta za nyumba hii ni za udongo, mtoto wewe. Mlidhani mnacheka kimya. Kila alasiri. Wifi mdomo, Wifi mikono." Sauti yake haikulainika hata kidogo. "Nimejichinja vizuri. Umeona?"

"Nimeona. Na mama? Mama umemfanya nini?"

"Mama yako yuko ukurasa wa mwisho. Una mikono, fungua."

"Nijibu wewe kwanza!"

Alirudi kwenye ungo wake. Aliokota kijiwe, akakitazama, akakitupa ukutani.

"Yule nilimchinja angali hai," akasema. "Mnyama hachinjwi mara mbili."

Hata alipokuwa anakiri, alimwita mnyama. Nilisimama pale, sijui nimpige au nikae chini. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho. Mama alikuwa mzima. Shanga zake zilikuwa zote shingoni, hazina hata tone la wino.

Nililia, na machozi yale yalikuwa na hasira tupu. Nilikuwa nimeshajiandaa kumfukuza. Nilikuwa na sababu, kiapo na watu wa kunitetea, naye kaninyang'anya vyote kwa sentensi moja, akaendelea kuchambua mchele.

Jioni ile nilitoa picha ya mama kwenye nailoni, nikanunua fremu, nikachukua nyundo. Nilipigilia msumari sebuleni, palepale ulipokuwa ule wa zamani, juu ya runinga. Shangazi alikuja akasimama mlangoni.

"Malaika hawataingia," akasema.

"Wewe uliwafukuza zamani."

Siku hizi anasalia chumbani kwake, lakini tamthilia zake anakuja kuzitazama sebuleni, na mama anamtazama yeye. Picha hakuishusha. Tarawehe zilikwisha, Idi ikapita, bado ipo.

Wiki iliyopita nilirudi sokoni nikamkuta amesimama juu ya kigoda, miguu yake ile iliyovimba, ana kitambaa cha maji, anafuta kioo cha picha. Anafuta polepole, kuanzia paji la uso, anashuka shavuni, anafika kwenye shanga. Hakunisikia nikiingia.

Nilimshika mkono nikamteremsha asianguke. Kisha nikampokonya kitambaa.

"Huyu nitamfuta mwenyewe," nikamwambia.