Nilimwomba Aniombee, Akaiandika Siri ya Mume Wangu Kwenye Barua ya Maombi

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba. Jina langu lifiche kabisa. Sema tu ni mama wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, si mbali na Lundo. Wanaonijua watanijua, nimeshachoka kujificha.

Nina miaka thelathini na tatu, huu ni mwaka wa tisa wa ndoa na mtoto sina. Mume wangu ni mvuvi wa usipa, dagaa wa ziwa letu, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mimi nafundisha chekechea ya kanisa, na wageni wa ng'ambo wakija ndiye ninayewatafsiria ibadani.

Mwaka wa tatu wa ndoa tulikwenda Songea kupimwa, wote wawili. Daktari akatuambia tatizo liko kwa mume wangu. Wakati wa kurudi tulisimama Mbinga, tukisubiri gari la kushuka Mbamba Bay. Hapo akaniambia, "Mama asijue. Mtu yeyote asijue." Nikaapa. Tangu siku hiyo ugumba nimeubeba mimi. Mama mkwe ameninywesha mizizi ya kila aina, nimekunywa. Mawifi wameniita mti usiozaa, nimecheka nao. Nilimpenda mume wangu, kwa hiyo sikuona mzigo.

Kuna wamisionari, mke na mume, mwaka wa sita sasa wanaishi nasi. Mama yule tunamwita Mama Lidia. Kila mwezi huandika barua ya habari na maombi kwenda makanisa ya kwao, na habari zenyewe nilikuwa nampa mimi. Nani kabatizwa, nani kidonda hakiponi, binti wa nani kaacha shule. Yeye anaandika, anaweka picha, anatuma. Nakiri hapa kwamba sikuwahi kumfuata hata mmoja wa watu wale kumuuliza kama anapenda. Nilijiona mtu wa maana sana, nabeba habari za kijiji kuzipeleka ulimwenguni.

Sasa siku moja mama mkwe alinisema vibaya msibani, mbele za watu, mpaka sahani ya ugali ikanishinda. Nikaenda kwa Mama Lidia nikalia. Nikamweleza yote, ya Songea na ya kiapo. Nilimwomba tuombe naye, basi, sikumwomba kingine. Alinishika mikono tukaomba. Nilitoka pale mwepesi, nikajua nimepata mama.

Mwaka huu wakaja wageni wa kanisa lao. Jumapili niko mbele natafsiri salamu. Bibi mmoja mwenye mvi akasimama, akamwendea moja kwa moja mume wangu, mtu ambaye hajawahi kumwona maishani, akamshika mabega. Akaniambia kwa Kiingereza, "Mwambie kila Jumatano tunamwombea Mungu auponye mwili wake, apate mtoto."

Mama mkwe yuko benchi la pili. Kanisa zima linanitazama mdomo. Nikatafsiri kwamba bibi anasema huwaombea wavuvi wa ziwa hili wapate samaki wengi. Watu wakaitika amina, mume wangu akainama kushukuru. Nimedanganya mbele ya madhabahu, Mungu anisamehe, na uongo ule ulinitoka laini kuliko kweli zote nilizowahi kutafsiri.

Nikadhani limepita. Kumbe bibi yule, kwa upendo wake, alimwachia mume wangu zawadi. Ni ile barua ya Mama Lidia iliyotuhusu, ambayo bibi aliitunza ndani ya Biblia yake, na juu yake picha yetu wawili tumesimama kwenye mtumbwi. Mume wangu aliifurahia picha. Kesho yake akaielekezea simu asome kilichoandikwa, na simu za siku hizi zinatafsiri bila kumwonea mtu aibu.

Alinikuta naanika usipa chanjani. Akanionyesha simu, akasema, "Nilikupa siri moja tu." Akaondoka. Angenipiga ningepata la kujitetea.

Nilimfuata Mama Lidia kumuuliza. Alinishangaa. Akasema hakuandika majina, aliweka herufi za mwanzo tu. Herufi za mwanzo, na picha juu yake. Akaniambia wale nao ni familia yetu katika Kristo. Familia yangu mimi ilikuwa benchi la pili, na ndiyo niliyokuwa naificha miaka yote.

Mume wangu amerudi kwa mama yake. Mama mkwe, asiyejua lolote, ameshamtafutia binti wa kule juu Mbuji. Kanisa halikubali mke wa pili, lakini anasema kanisa halitamzalia mjukuu. Binti ana miaka ishirini na moja. Alipoletwa kuonwa tulikutana njiani, akapiga goti akaniambia, "Shikamoo dada." Nikamwendea mume wangu nikamuuliza, na huyu naye asiposhika mimba? Akanijibu bila kunitazama, "Watasema sina bahati na wanawake."

Ndugu zangu, yule mpole wangu ndiye aliyesema hivyo. Nikinyamaza, namkabidhi mtoto wa watu mzigo ninaoujua uzito wake. Nikisema, nitakuwa nimemvua mume wangu nguo mara ya pili, na safari hii kwa kukusudia, mbele ya mama yake. Posa inapelekwa baada ya Jumapili mbili.

Jana Mama Lidia amenitumia ujumbe. Anauliza kama naruhusu ndoa yangu iombewe kwenye barua ya mwezi huu. Safari hii ameomba ruhusa. Sijamjibu.

Nishaurini, nimwambie yule binti au ninyamaze? Ila naomba msiniandikie "mwachie Mungu, omba." Kuomba nimeomba, na siri ilitokea humo humo.